Mnyama Asiye na Shingo

Mafuta yalikuwa yamekosekana tena mjini Bujumbura, na foleni ya basi pale Rohero ilizunguka ukuta wa benki mpaka mwisho wake hauonekani. Kutoka hapo hadi Bwiza si mbali, mtu mwenye nguvu anatembea. Lakini Nura nguvu zilikuwa zimemwishia. Alisimama kwenye jua la saa nane na kitenge chake cha kijani kilichopauka mabegani, mtandio umemteleza, na mfuko wa farmasi ameukumbatia kifuani kama anayebeba mayai.

"Dada, hiyo dawa mi naijua," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, koti jeupe la kazi amelikunja mkononi. Viatu vilikuwa vimepigwa rangi vizuri, ila visigino vimelika upande mmoja.

"Na mi nakujua? Angalia mifuko ya wengine."

"Usikasirike. Naitwa Shakuru, nauza dawa farmasi ile ya kona. Hiyo ni ya ugonjwa wa damu. Uko na mugonjwa nyumbani?"

"Baba yangu."

"Pole sana. Lakini unajua umebeba kitu cha ajabu? Hiyo dawa chanzo chake ni mnyama wa baharini."

"Samaki?"

"Apana. Sifongo. Anakaa chini kabisa, amejishika kwenye jiwe. Hana macho, hana miguu, hana hata tumbo. Anakaa tu."

"Kutwa nzima? Hana mutu wa kumwambia amka, chemsha maji?"

"Hana."

"Basi namuonea wivu," Nura akasema, na kicheko kikamtoka bila yeye kukitafuta.

Basi halikuja. Wakatembea pamoja hadi Bwiza, mfuko ameubeba Shakuru, na njiani akamweleza jinsi dawa ile inavyofanya kazi. Seli mbaya ya damu inaimeza ikidhani ni chakula chake, halafu inashindwa kuzaana. Nura hakuelewa yote. Alichoelewa ni kwamba hatua mia nane zilipita bila yeye kuhisi miguu.

Kuanzia siku hiyo simu haikutulia.

"Umekula, sheri wangu?"

"Nile saa ngapi? Nguo za wateja zimejaa kwenye cherehani, baba anaita, maji yamekatika."

"Kula sasa, mi nasikiliza."

"Utasikiliza mutu anatafuna?"

"Hata kama ni muhogo mukavu, nitafurahi."

"We una wazimu," anasema Nura, huku anatafuna.

Mzee Amissi, baba yake, alikuwa mchinjaji wa Bwiza kwa miaka arobaini, na watu walimwamini. Nyama yake haikuulizwa mara mbili. Sasa kifua kilichobeba mapaja ya ng'ombe kilikuwa kimebaki mbavu. Kila mwezi alichomwa sindano siku kumi, asubuhi na jioni, tumboni chini ya ngozi. Aliyemchoma ni Fabiola, muuguzi wa mtaa ule ule. Huu ulikuwa mwezi wa tatu wa matibabu.

Siku ya sita ya sindano za mwezi huo, Shakuru akaja kumjulia hali. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, akaleta machungwa. Alitaka kupendwa, na mtu anayetaka kupendwa huongea sana. Akamsimulia mzee habari za sifongo, bahari, jiwe na kila kitu. Mzee Amissi akaweka kikombe chini.

"Huyo mnyama ana shingo?"

"Hana, mzee."

"Ana damu?"

"Hana."

"Ahaa," mzee akasema.

Jioni Fabiola alipokuja na sindano, mzee akalifunika tumbo kwa mikono miwili. "Sitaki. Ni haramu. Miaka arobaini nimechinja kwa jina la Mungu, leo niingize mwilini mnyama asiye na shingo?"

"Baba, na ndagala za ziwani unazokula, nani anazichinja?" Nura akauliza.

"Ndagala nazijua. Huyo simjui."

Fabiola akafunga mkoba. Nura akatoka uani na simu.

"Shakuru, umeniua."

"Nini tena, sheri?"

"Usiniite sheri. Baba amekataa dawa. Mdomo wako! Ulitaka usifiwe, umesifiwa. Miezi mitatu namlisha kwa kijiko, nambembeleza kama mutoto, we umevunja yote kwa dakika kumi."

"Nura, nisikilize. Kuna kitu sikusema..."

Nura akakata. Shakuru akapiga, Nura hakushika. Akapiga tena, Nura akazima simu. Siku mbili zikapita, sindano tisa zilizobaki zimelala kwenye boksi. Nura alishona mikono ya nguo kinyume, akaifumua, akaishona kinyume tena.

Siku ya tatu, alasiri, Shakuru akabisha hodi. Alikuja kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Nura akafungua, akamwangalia, akamwonyesha chumba cha mzee kwa kidole. Kumfukuza mgeni mbele ya baba asingeweza. Akaenda jikoni kutia chai.

Aliporudi na sinia, alisikia sauti nyuma ya pazia, akasimama.

"Mzee, nilisema nusu," Shakuru alikuwa anasema. "Sifongo alitoa mfano tu, zamani. Wataalamu walikuta kitu ndani yake wakakiiga. Leo dawa inatengenezwa kiwandani, hakuna mnyama ndani yake. Nilijua hivyo. Lakini habari ya mnyama ni tamu, na nilitaka unione mutu wa maana."

Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"We kijana, cha baharini ni halali. Hilo nililijua kabla sijaota ndevu."

"Sasa mbona umekataa?"

Kitanda kikalia mzee alipojisogeza.

"Nimechoka, mwanangu. Mutu akisema nimechoka, watoto wanalia. Akisema haramu, wananyamaza. We umeniletea mlango, nikapita."

Vikombe vikagongana kwenye sinia.

"Ingia, Nura," mzee akasema.

Akaingia, akaweka chai chini. "Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Ungelia."

"Nisingelia."

"Unalia sasa."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Neno ambalo hakuwahi kulitamka hata kwenye simu, hata kwa Fabiola, likamtoka. "Na mi nimechoka, baba. Nimechoka mpaka ukikohoa natamani niwe kiziwi. Halafu naanza kumwomba Mungu msamaha."

Mzee Amissi akamshika mkono. Hakuonekana kushangaa. "Najua. Nakusikia ukiomba."

Shakuru alikuwa anatazama sakafu. "Nimempigia daktari," akasema polepole. "Anasema tunaweza kuendelea leo, lakini tusichelewe zaidi."

"Tisa zimebaki," mzee akamwambia binti yake. "Hizo nitazipokea kwa ajili yako. Zikiisha, usinitafutie nyingine. Umenisikia?"

Nura akafungua mdomo abishe. Akaiangalia mikono ya baba yake, mishipa imesimama, madoa ya sindano za hospitali kila mahali. Akaufunga.

"Nimesikia, baba."

"Haya. Na we Shakuru, umetoka Rohero kwa miguu kuja kuungama tu? Walii wake wa ndoa ni mi, na mi sikai sana."

Shakuru akasimama ghafla, almanusura apige teke birika. "Nilitaka nije na wazee wangu, mzee, kwa utaratibu..."

"Walete kesho. Asubuhi. Mchana nalala."

"Nyie wawili," Nura akasema, anajifuta kwa mtandio, "mi sijaulizwa."

Shakuru akamgeukia. "Nura, unanitaka?"

"Mdomo wako mrefu."

"Kweli ni mrefu."

"Utakuwa unanipa habari nusu nusu?"

"Nzima. Hata ikiwa mbaya."

Akamwangalia kwa muda, kuanzia vumbi la viatu mpaka kwenye kola. "Walete wazee wako," akasema. Kisha akainuka, akaenda chumba cha pili, akajitupa kwenye mkeka bila hata kuvua mtandio.

Saa kumi na moja Fabiola akapita, akiwa na wasiwasi wa kukataliwa tena. Shakuru ndiye aliyefungua mlango, kidole mdomoni.

"Taratibu. Amelala."

"Mzee?"

"Apana. Nura."

Fabiola akavua viatu, akaingia kwa ncha za vidole. Mzee Amissi alikuwa ameketi tayari. Akapandisha shati mwenyewe, na sindano ilipoingia akauma midomo, ili asimwamshe.