Randa na Mkewe Wajifunza Kulala Upya

Mtaani walimwita Randa kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa seremala, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mkewe walimwita Mama Sare. Alishona sare za wanafunzi katika chumba cha mbele cha nyumba yao, cherehani ikiwa karibu na dirisha ili apate mwanga.

Zamani, Mama Sare alianza siku kwa kufungua dirisha, kufuta cherehani na kutunga uzi, huku akimsikiliza mumewe akiimba bafuni. Randa aliimba vibaya, lakini aliimba kwa moyo wote. Siku hizi bafuni kulikuwa kimya. Randa alitoka akishika kichwa, akaketi mbele ya kikombe cha chai, na chai ikapoa mbele yake.

"Umelala tena," Mama Sare alimwambia asubuhi moja.

"Sijalala. Nimefumba macho tu."

"Na chai inayomwagikia suruali yako, nayo imefumba macho?"

Zamani Randa angecheka. Sasa alikunja uso, akaweka kikombe mezani, akachukua begi lake la vifaa na kwenda kazini bila kuaga. Mama Sare alibaki na kitambaa mkononi, akiwaza. Yule Randa wa siku zile alikwenda wapi?

Walipooana walipanga chumba kimoja kilichotenganishwa na cha jirani kwa ukuta wa mbao. Randa alikuwa kijana, na tayari alikuwa mkoromaji wa kutia fora. Jirani aligonga ukuta mpaka akachoka. Asubuhi alimsubiri Mama Sare bombani. "Shemeji," alimwambia, "jana lori lenu lilipanda mlima mkali kweli."

Mwanzoni Mama Sare aliona aibu. Lakini mtu huzoea. Watoto walipozaliwa, walilala fofofo katikati ya kelele ile. Wakikua kidogo waliulizana, "Baba ameshawasha lori?" na kujifunika shuka usoni wakicheka. Randa akisafiri kwenda kupachika milango kwa wateja wa mbali, ni Mama Sare aliyekuwa akikesha macho makavu. Chumba kilikuwa kimya mno. Na watu wote waliamini kwamba anayekoroma amelala vizuri. Hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Jioni ya siku ile ya chai, aliyekuja kugonga mlango alikuwa Gundi. Huyu alikuwa mshirika wa Randa katika karakana, mtu wa mzaha tangu ujana wake. Leo hakuwa na mzaha. Randa alikuwa bado njiani.

"Shemeji, sikuja kumchongea," alisema Gundi. "Lakini nisipokwambia, sitalala."

"Sema tu, shemeji."

"Leo alikuwa kwenye msumeno wa umeme, anasukuma ubao. Nikaona kichwa kinashuka. Nikadhani anaangalia mstari. Kumbe amesinzia, na mkono unakwenda na ubao."

Mama Sare alishika mlango. "Mkono wake?"

"Mzima. Niliruka nikazima umeme. Yeye alinigombeza, eti namharibia kazi. Shemeji, nimefanya kazi naye tangu hatujaota ndevu. Huyu si mvivu. Huyu ni mgonjwa."

Randa alipofika alijaribu kukana. Mama Sare hakubishana naye. Alishika mikono yake miwili, akatazama vidole kimoja kimoja, kisha akasema, "Kesho tunakwenda kliniki. Mimi na wewe."

Kule kliniki, daktari aliwauliza maswali mengi, na mengi yalielekezwa kwa Mama Sare kuliko kwa Randa. Anakoroma kwa nguvu? Ndiyo. Pumzi inakatika kisha anashtuka kama mtu aliyetolewa majini? Mama Sare alisita. Ndiyo, miaka hii ya karibuni. Yeye alidhani ni ndoto. Walimpima Randa presha, ikawa juu. Wakampa kifaa kidogo cha kuvaa kifuani na kidoleni, alale nacho nyumbani.

Majibu yalipotoka, nesi wa kliniki aliketi nao. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiye na haraka.

"Mzee, unapolala, misuli ya koo inalegea," alisema. "Watu wengi haiwadhuru. Wewe inalegea mpaka njia ya hewa inaziba. Pumzi inakatika. Ubongo unashtuka, unakuamsha kidogo, unavuta hewa, unalala tena. Inatokea mara nyingi usiku mmoja. Asubuhi hukumbuki, lakini mwili umechoka."

"Ndiyo maana nasinzia mchana?"

"Ndiyo maana. Na kichwa kuuma asubuhi, na hasira za karibu. Presha nayo inaweza kupandishwa na hali hii. Ukiiacha, moyo unaelemewa."

"Dawa yake?"

Nesi alitoa mashine ndogo, ukubwa wa redio ya mkononi, yenye mpira mrefu na barakoa ya kuvaa puani. "Hii inasukuma hewa ili koo libaki wazi. Tumekupa ya kusafiria, kwa sababu umesema kazi yako ni ya kuzunguka. Ni nyepesi, ila ina kelele kuliko zile kubwa. Jambo moja muhimu: inasaidia wakati umeivaa. Ukiivua, tatizo linarudi."

Walirudi nyumbani na matumaini. Randa aliweka mashine juu ya kabati dogo la kichwani mwa kitanda, kabati alilolitengeneza mwenyewe. Akavaa barakoa. Akabonyeza kitufe.

Mashine ilinguruma. Kabati likatetemeka. Pembeni mwa pua ya Randa hewa ilitoroka kwa mluzi mwembamba, na mluzi ule uliingia moja kwa moja sikioni mwa Mama Sare. Alijifunika mto. Hakupata usingizi. Siku zilizofuata alishona mkono wa shati ndani nje, akafumua, akaukosea tena. Mwishowe alibeba shuka lake akahamia chumba ambacho zamani kilikuwa cha mabinti zao.

"Ni kwa muda tu," alimwambia Randa.

Baada ya muda Randa alimwita arudi. "Nimeshaizoea ile mashine," alisema. "Sasa haina kelele." Mama Sare alirudi, akapanda kitandani taa ikiwa imezimwa, na kweli hakusikia mngurumo. Mkoromo wa zamani ulimbembeleza, akalala usingizi wa pono. Hakujiuliza sana kwa nini.

Alikuja kujua Jumapili moja mchana. Randa alikuwa amejilaza kwenye kochi baada ya kula. Mama Sare alikaa karibu naye akitia vifungo kwenye mashati. Randa akaanza kukoroma, na Mama Sare akajikuta akitabasamu. Sauti ile ilimrudisha kwenye kile chumba cha ukuta wa mbao, watoto wakiwa wamebanana kama vijiti vya kiberiti, yeye akiwa na miaka yote mbele yake.

Kisha sauti ikakatika.

Mama Sare aliinua macho. Usiku, gizani, kimya kile kilikuwa kikimpita. Sasa alikiona kwa mwanga wa mchana. Kifua cha Randa kilikuwa kinapanda na kushuka kwa nguvu, lakini hewa haikuwa inaingia. Midomo ilikuwa inabadilika rangi. Alimshika bega kumtikisa, na kabla hajamtikisa Randa alivuta pumzi kwa kishindo, akageuka, akaendelea kukoroma kana kwamba hakuna lililotokea.

Kifungo kilikuwa kimemdondoka mkononi. Hakukitafuta. Alimwamsha mumewe.

"Mashine iko wapi?"

Randa alifikicha macho. "Mashine gani?"

"Baba watoto, usinichezee."

"Iko kwenye begi la vifaa."

"Tangu lini?"

Randa aliketi. Aliangalia sakafu kama mtoto aliyevunja sahani. "Tangu ulipohama chumba. Nilinyoosha mkono nikakuta kitanda kitupu. Miaka yote hii nimekupigia kelele za mkoromo. Nikaona nisikuongezee na za mashine."

Mama Sare akasema polepole, "Mkoromo wako ndio ulionilaza, miaka yote. Ukisafiri nilikuwa silali. Na mimi mjinga niliufurahia hata sasa hivi, huku wewe unakata roho mbele yangu."

"Sikati roho, mke wangu."

"Hujajiona."

Machozi yalimtoka. Randa, aliyekuwa hajui la kufanya na machozi ya mkewe tangu siku ya harusi yao, alimpa shati la mwanafunzi ajifute. Mama Sare alilitazama lile shati jeupe, akaanza kucheka katikati ya kilio. Randa naye akacheka. Ilikuwa muda mrefu hawajacheka pamoja.

Keshoye walirudi kwa nesi na mashine yao. Hakuwagombeza.

"Wengi wanaiweka kabatini," alisema. "Afadhali nyinyi mmerudi. Hebu nione."

Alifungua ubavu wa mashine akatoa chujio, kipande kidogo kama sponji. Kilikuwa kimejaa unga wa mbao. "Mzee, unaiweka wapi mchana?"

"Kwenye begi langu la kazi."

"Hivi itavuta hewa kwa shida na kunguruma zaidi. Ipe begi lake. Chujio likichafuka, njoo tukubadilishie. Na usiku ulipoivaa, uliiweka wapi?"

"Juu ya kabati la kichwani."

"Ndani ya kabati kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni..." Randa akapiga paji lake la uso. "Mbao nyembamba, na ndani tupu. Nimeiweka juu ya ngoma. Seremala mzima."

Nesi alicheka. "Basi iteremshe. Iwe kwenye kigoda, chini kuliko kichwa chako, juu ya kitambaa kizito kilichokunjwa. Lakini usiifunike. Inahitaji hewa."

Kisha alimlaza Randa kwenye kitanda cha kliniki, akamvalisha barakoa na kuwasha. Mluzi ukaanza. Nesi alipitisha kidole pembeni mwa barakoa, akakisimamisha kwenye masharubu. Yalikuwa masharubu manene, ya tangu ujana.

"Hewa inatorokea hapa."

"Haya hayanyolewi," alisema Mama Sare kabla mumewe hajajibu. "Nilimpendea haya."

"Hatuyanyoi, mama. Tutajaribu barakoa nyingine, inayokaa kwenye tundu za pua. Yapunguzwe kidogo tu." Nesi alilegeza mikanda. "Na usiikaze mno, mzee. Ukiikaza sana inajikunja na kuvuja zaidi."

Aliwaonyesha pia namna ya kuiweka mashine ianze na hewa ndogo, iongezeke taratibu. Nguvu ya hewa iliyopangwa na daktari, alisema, wasiibadilishe wenyewe. Barakoa ioshwe kila siku kwa sabuni laini. Na Randa aivae kidogo mchana, akiwa macho anasikiliza redio, mpaka uso uizoee.

"Hata ukijilaza mchana, ivae," alimaliza. "Koo halijui kama ni usiku au mchana. Na mpaka usingizi wa mchana uishe kabisa, usishike msumeno."

"Na mimi?" aliuliza Mama Sare. "Mimi nitaizoeaje?"

"Ulimzoeaje mkoromaji?"

"Pole pole," alisema Mama Sare.

Ikawa pole pole kweli. Jioni Randa alikaa kochini na barakoa yake puani, akisikiliza habari, na Mama Sare akimwambia anafanana na tembo aliyestaafu. Mashine ilishuka kwenye kigoda. Mluzi ukaisha. Mngurumo ukabaki pumzi nyororo, kama upepo unaopita chini ya mlango. Usiku mwingine Randa aliivua usingizini bila kujua, na Mama Sare akamwamsha aivae tena. Usiku mwingine yeye mwenyewe alilala akiisikiliza, akiukumbuka mkoromo wa zamani, na moyo ukimuuma kidogo, kama mtu aliyehama nyumba nzuri kwa sababu paa lilikuwa bovu.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Kwanza kichwa cha Randa kiliacha kuuma asubuhi. Kisha akaanza kumaliza chai yake. Karakanani, Gundi alimpa kazi ya kupiga msasa na kupima mbao, akakataa katakata kumwachia msumeno. Randa alilalamika lakini alitii. Alipopimwa tena kliniki, presha ilikuwa imeanza kushuka, na daktari akasoma kumbukumbu za mashine akaridhika. Siku Gundi alipomrudisha kwenye msumeno, alisimama kando yake mpaka ubao wa mwisho, akijifanya anafagia maranda.

Muda haukupita sana, mke wa Gundi akaja kwa Mama Sare na sare ya kupunguza. Alizungukazunguka maneno, akasifu pazia, akasifu cherehani. Mwishowe akasema, "Dada, na huyu wangu. Anasema hakoromi. Lakini paka wetu amehama chumba."

"Pumzi inakatika?"

"Kama mtu anayezama."

Mama Sare alizima cherehani. "Mpeleke kliniki. Uende naye wewe mwenyewe, kwa sababu yeye hajisikii. Wewe ndiye shahidi."

"Wanasema ile mashine ina kelele. Haikusumbui?"

"Ilinisumbua. Ukiipanga vizuri inatulia." Mama Sare alikunjua sare mapajani. "Nikwambie kweli, bado ninamkumbuka yule mkoromaji wangu. Tulianza naye tukiwa hatuna kitu."

"Sasa je?"

"Sasa tukipanda kitandani tunaongea. Ananisimulia mambo ya zamani, mengine nilikuwa nimeyasahau. Na siku hizi anayelala katikati ya maneno ni mimi."