Matembezi ya Kwenda na Kurudi

Kila asubuhi fundi friji alipika uji, akamwekea binti yake maji ya kunywa na ndoo ya haja, akatoka, akafunga mlango kwa nje. Kisha alibeba mfuko wake wa spana na mtungi mdogo wa gesi, akaenda kutafuta riziki.

Usimhukumu haraka. Mkewe alikuwa amekufa miezi michache nyuma, na mjini pale hakuwa na ndugu. Kumfungia mtoto kulimuuma. Kilichomtisha zaidi ni kwamba mtoto mwenyewe alitaka kufungiwa. Kadogo, ndivyo walivyomwita, alikuwa na miaka sita. Mlango ukiachwa wazi, aliusukuma ukajifunga. Akiambiwa atoke uani akacheze na wenzake, alishika mguu wa kitanda kwa mikono miwili. Na tangu mama yake aondoke, hakuwahi kulia hata siku moja.

Zilibaki wiki chache shule zifunguliwe. Nafasi ya darasa la kwanza ilikuwepo na sare ilikuwa imeshashonwa. Asipokubali kutoka, angebaki mle ndani mwaka mzima. Huenda siku moja nyaya za umeme zingeshika moto, na ufunguo ungekuwa mfukoni mwa baba, upande wa pili wa mji. Fundi aliliwaza jambo hilo kila alipougusa ule ufunguo.

Akaona dawa ni kumfurahisha. Mjini kulikuwa na bustani ya michezo ya watoto, yenye mabembea ya umeme, bwawa na muziki. Kiingilio chake hakikuwa cha watu kama yeye, lakini fundi alivunja kibubu. Jumapili alimvisha Kadogo gauni la kutokea na viatu vyeusi. Hakumwambia wanakwenda wapi, maana alitaka kumshtukiza.

"Haya, mwanangu," alisema kwa furaha. "Twende tukatembee."

Mtoto akaanza kutetemeka. Fundi akadhani ni deko, akambeba mpaka huko. Getini palikuwa na umati na spika zilizopasua masikio. Alipomweka chini ili alipe, Kadogo alimkumbatia miguu akajikojolea. Viatu vikalowa. Mama mmoja kwenye foleni akasema watoto wa siku hizi wamedekezwa mno. Fundi alikuwa ameshatoa pesa, na watu walikuwa wakimtazama. Hasira zikampanda, akamzaba mtoto kofi.

Hata kofi lile halikumliza. Njia nzima ya kurudi, fundi alijichukia kama hajawahi kujichukia.

Jioni ile alikuwa uani akifua gauni. Jirani yake, mwalimu wa chekechea, akatoka kuanua nguo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpenda utani, mwenye sauti ya kumsimamisha mtoto ng'ambo ya barabara.

"Friji za watu unazibembeleza, Fundi," alimwambia. "Leo nasikia umempiga mtoto mbele za watu. Kulikoni?"

Fundi akaeleza yote. Mwalimu akaacha utani. Aliweka nguo zake kando.

"Siku mliyompeleka mama yake hospitali, mtoto mlimwambia mnakwenda wapi?"

Fundi akaendelea kulikamua gauni, ingawa maji yalikuwa yamekwisha.

"Tulimwambia tunakwenda kutembea," alisema mwishowe. "Mama yake ndiye aliyetaka hivyo. Hakutaka alie."

"Alivaa nini?"

"Gauni hili hili."

"Na siku ya mazishi?"

"Shangazi yake aliyekuja msibani alimchukua mapema. Naye alimwambia wanakwenda kutembea. Alipomrudisha, nguo za mama yake zilikuwa zimeshagawiwa."

"Sasa hivi anajua mama yake yuko wapi?"

"Tumemwambia amesafiri."

Mwalimu akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Basi usimshangae, kaka yangu. Mlitoka watatu kutembea, mkarudi wawili. Anaogopa kwamba akitoka tena na wewe, atarudi peke yake."

Siku zote alikuwa akijiona ndiye aliyebeba mzigo wote wa nyumba ile. Kumbe mtoto naye alikuwa na wake, tena mzito, na aliubeba bila msaada wa mtu.

Mwalimu akamweleza anavyofanya yeye. Kila wiki huwatoa watoto wa darasa lake na mfukoni hana kitu. Mji una sehemu nyingi zisizodai kiingilio. Kuna bustani ya manispaa, kuna chumba cha watoto pale maktaba, kuna uwanja ambapo timu hufanya mazoezi jioni, na kuna daraja la waenda kwa miguu juu ya reli. Mtoto mwenye hofu hapelekwi kwenye makelele. Huanza karibu na nyumbani, wakati jua limepoa, akiwa na nguo zake za kila siku na viatu visivyombana. Unabeba maji na chakula cha nyumbani, maana njaa huharibu matembezi. Unajua mapema choo kiko wapi. Zaidi ya yote unamtajia mahali mnapokwenda na saa mtakayorudi, na saa hiyo ikifika mnarudi, hata kama raha ndiyo kwanza imeanza.

"Lakini kabla ya hayo, mwambie kweli," alisema. "Usiseme amesafiri, atamsubiri. Usiseme amelala, ataogopa kulala. Sema amekufa."

"Siwezi, Mwalimu. Hata mimi mwenyewe sijawahi kulitamka hilo neno."

"Litamke leo. Mimi nitakuwa hapa hapa."

Fundi akajikaza kisabuni, akaingia ndani. Kadogo alikuwa ameketi kitandani. Baba akapiga magoti ili macho yao yalingane. Alimwambia mama amekufa, kwamba mwili wake uliugua sana, madaktari wakajaribu wakashindwa, na kwamba hatarudi. Akamwambia walimdanganya na walikosea. Akamwomba radhi kwa lile kofi.

Mtoto akauliza:

"Kwa nini hamkuniambia nimuage?"

Fundi alikiri kwamba hajui. Hapo Kadogo akalia. Alilia mpaka kwikwi zikamshika, na baba naye akalia, na Mwalimu kule nje alisikia yote asiingie.

Matembezi yao ya kwanza yaliishia kwenye geti la uani. Fundi alisema watakwenda mpaka getini, watakula viazi, kisha watarudi. Walifanya hivyo, na majirani waliwaona kama watu waliochanganyikiwa. Baadaye walifika uwanjani, Kadogo akiwa ameshika shati la baba yake muda wote. Mambo hayakwenda sawa kila siku. Kuna jioni fundi alikutana na rafiki, wakaanza kupiga soga, saa ya kurudi ikapita. Kwa siku kadhaa Kadogo alirudia kushika mguu wa kitanda. Ikabidi waanze upya, tena getini.

Siku ya kwenda darajani aliichagua Kadogo mwenyewe. Treni ilipita chini yao na daraja likatikisika. Kadogo akauliza kama watu waliomo ndani watarudi.

"Wengine watarudi," alisema baba. "Wengine wanahama, hawarudi. Mimi siwajui."

Zamani angesema watarudi wote. Mtoto alitikisa kichwa kukubali, akaomba maji.

Alipoweza kutembea mpaka chekechea, ambayo haikufungwa wakati wa likizo, Mwalimu akawa anakwenda naye asubuhi, mtoto akishinda darasani kwake. Fundi akaacha kufunga mlango kwa nje. Hata hivyo usingizini Kadogo bado alimwita mama yake, na baba alikaa kando akimshika mkono.

Shule zikafunguliwa. Njiani Kadogo alikuwa mzito wa miguu. Mbele ya geti akasimama kabisa.

"Nikiingia humo, wewe unakwenda wapi?"

"Buchani. Friji la nyama limekufa. Saa sita nitakuwa nimesimama hapa."

"Kweli?"

"Kweli."

Akaingia bila kugeuka. Fundi akaenda buchani, akalifungua friji, na kazi ikawa ngumu kuliko alivyotegemea. Saa sita ilipokaribia, mashine ilikuwa bado imetawanyika sakafuni. Akanawa mikono. Mwenye bucha akatoa macho, akamwambia nyama ikioza yeye ndiye atakayeilipa, na kazi nyingine pale asahau.

"Nitarudi kuimaliza," alisema fundi. "Sasa hivi kuna mtu ananingoja."

Alikimbia, mtu mzima mwenye grisi mpaka viwikoni, na watu wakampisha wakidhani anafukuzwa. Alifika geti likifunguliwa. Watoto wakamiminika nje kwa makundi mpaka uwanja ukabaki mtupu. Kadogo hakuwemo. Fundi akasogea karibu na geti. Kisha akamwona, amesimama upande wa ndani wa geti, mgongo ukutani, akichungulia barabarani uso mmoja baada ya mwingine.

Macho yao yakakutana.

"Umerudi," alisema Kadogo.

"Nimerudi, mwanangu."

Kadogo alimwangalia tena kuanzia kichwani mpaka miguuni, kuhakikisha. Ndipo akatoka nje ya geti mwenyewe, bila kushikwa mkono.