Mizizi ya Kukinga Figo

Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, seremala alipita kwa mama mkwe wake kumjulia hali. Mafundi wenzake walimwita Randa, kama kile chombo cha kulainishia mbao, kwa kuwa ulimi wake haukuacha kitu bila kukipitia. Kwa mama mkwe tu ndipo alipozungumza kwa adabu, macho chini.

Mama huyo alisumbuliwa na magoti. Alinunua vidonge vya maumivu dukani, akavimeza asubuhi na jioni, miezi nenda miezi rudi.

"Mama, vidonge hivyo ukivizoea vinaumiza figo," binti yake alimwonya.

"Hilo dogo," Randa akadakia. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba wataalamu wamegundua mimea inayokinga figo zisiharibiwe na dawa. Siku hiyohiyo alinunua mizizi sokoni, akaichemsha mwenyewe.

"Kunywa hii, mama. Hata ukitafuna vidonge kama karanga, figo ziko salama."

"Ahsante, baba. Nimepata mkwe."

Basi mama akameza vidonge bila wasiwasi, hata siku ambazo magoti hayakuuma sana. Haukupita muda, miguu ikavimba hata viatu vikakataa kuingia. Mkojo ukapungua. Randa na mkewe wakampeleka hospitali.

Daktari alisoma majibu ya damu, akavua miwani.

"Mama, figo zako zimeumia. Unatumia dawa gani?"

"Vidonge vya magoti tu."

"Na mitishamba?"

Mama alitazama ukuta. "Hapana, daktari."

Randa aliinamisha kichwa. Alijua kwa nini mama anadanganya. Hakutaka mkwe wake aaibike mbele ya watu. Mkewe alimkazia macho. Randa akavikodolea macho vidole vyake vilivyogandwa na gundi. Ulimi ule mwepesi sasa ulikuwa mzito kama gogo. Uso ulimwaka moto.

"Daktari," alisema mwishowe, "mama ananisitiri tu. Mizizi nilimpa mimi. Nilisikia inakinga figo."

Daktari hakumkaripia. Heri angemkaripia!

"Ulichosikia si uongo mtupu, kaka. Ipo mimea inayochunguzwa maabara. Mingine imesaidia figo za panya. Lakini panya si mama mkwe wako."

Mama aliguna kwa kicheko.

"Mtafiti anajua mmea wake," daktari aliendelea. "Anajua amekamua nini ndani yake, na kwa kipimo gani. Hata hivyo, bado hajathibitisha kwamba unafaa kwa wagonjwa. Wewe mmea wako unaujua?"

"Hata jina siujui."

"Mizizi mingine yenyewe huumiza figo. Na hata kama yako haina sumu, ilimpa mama moyo wa kuendelea na vidonge. Kinga ya kweli ni kutomeza dawa za maumivu kiholela, kupima damu, na kutuambia kila unachotumia. Kila kitu, mama. Hata cha kwenye sufuria."

Mama alilazwa. Vidonge na mizizi vikasimamishwa. Randa alileta chakula kila siku, lakini aliishia mlangoni, akimkabidhi mkewe bakuli.

"Baba, ingia," mama alimwita siku moja. "Mlango haung'ati."

Aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, mama."

"Wewe ulichemsha. Mimi nikanywa, kisha nikamdanganya daktari. Aibu hii tugawane, usiibebe peke yako."

Miguu ilinywea pole pole. Vipimo vikaonyesha kuwa figo zinapata nafuu. Mama alirudi nyumbani na mazoezi ya magoti, dawa aliyopangiwa na daktari, na tarehe ya kurudi kupima damu.

Wiki ileile, kule karakana, fundi mwenzake Randa aliweka msumeno chini, akashika kiuno.

"Randa, ile mizizi ya figo uliyotusifia imebaki? Nataka nimeze vidonge vyangu kwa amani."

Uso ulimwaka tena. Angeweza kusema imekwisha, yakaishia hapo. Mafundi wote walikuwa wakisikiliza.

"Ile nilimpa mama mkwe," alisema, "nikakaribia kumzika. Sogeeni karibu niwaeleze nilivyokosea."