Nusu Yenye Majibu

Jumamosi ile duka la vitabu la Bi Hindu, linalotazamana na soko la Malindi, lilijaa pomoni. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu, na akina mama walikuwa wakipigania madaftari kwa viwiko. Katikati ya zogo hilo Batuli Abdillahi alinyoosha mkono rafuni, akakamata kitabu kinene chenye jalada la buluu, akakivuta. Kitabu hakikuja. Upande wa pili wa rafu palikuwa na mkono mwingine, mkubwa, umeking'ang'ania.

"Kaka, samahani, hicho nimekishika mimi."

"Na mimi nimeshika nini, dada? Embe?"

Batuli alizunguka rafu kwa hasira, buibui lake limefunguka kifuani na kuonyesha gauni la kijani. Alikuta kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya kaki, kiunoni mkanda mpana wa ngozi, ule wanaojifungia mafundi wa simu wakipanda nguzo. Buti zake zilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo. Batuli alitaka kumkaripia, akajikuta anatazama nyusi zake.

"Bi Hindu, shikamoo," kijana aliita, kitabu hakiachi. "Hebu tuamue."

"Marahaba. Ni hicho kimoja tu," alijibu Bi Hindu kutoka mezani. "Mombasa nimeagiza tangu mwezi wa mfungo sita, naambiwa kesho, kesho. Nami nina watu hapa, msinivunjie rafu."

Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutokiachia. Mwaka ule wa 1984 wafanyakazi wa simu pwani yote walikuwa wametangaziwa kwamba ubao wa kuunganishia simu kwa mikono utaondolewa na mitambo inayojiunganisha yenyewe itakuja. Atakayefaulu mtihani wa ufundi atapelekwa Nairobi kusomea mitambo hiyo. Fundi wa nguzo asipofaulu atabaki na nguzo zake. Opereta asipofaulu atafute pa kwenda. Batuli alikuwa opereta wa Malindi mwaka wa nne, mama yake akimtegemea yeye tu, na mtihani ulikuwa wiki sita mbele.

"Chukua hiki chembamba," Batuli alimshauri yule kijana kwa sauti ya ukarimu wa uongo. "Maswali na majibu ya miaka kumi."

"Hicho nakijua kwa moyo. Nimefeli nacho mara mbili."

"Basi hizi karatasi anazouza yule bwana wa Mombasa. Wasema ni nzuri."

"Aliyeziandika alifeli pamoja nami, tumekaa meza moja. Jina langu Mahadhi Mbaruk, kwetu Takaungu, kazi yangu Kilifi. Wewe?"

"Mimi opereta wa hapa Malindi, na ndiye mwenye kitabu."

Mahadhi alicheka, na Batuli naye akacheka bila kupenda. Walikifungua pamoja. Nusu ya kwanza ilikuwa ya umeme na hesabu, nusu ya pili ya mitambo mipya, na nyuma kabisa majibu ya maswali yote. Mahadhi alikipima kitabu mkononi kama apimavyo waya. Halafu, kabla Batuli hajafunga mdomo, akatoa kisu chake cha kuchunia waya na kukipasua mgongo katikati.

"Yallah!" Bi Hindu alipiga ukelele. "Wewe mtoto una wazimu? Hapa si buchani!"

"Tutalipa, bibi, nusu kwa nusu. Opereta, anza na hesabu. Baada ya wiki tatu tubadilishane hapa hapa."

Hakuna mtu mwenye akili timamu anayekata kitabu kama kebo. Batuli alitoka dukani na nusu yake kwapani, amekasirika, na njia nzima anatabasamu.

Siku ya pili taa ya laini ya Tezo, upande wa Kilifi, iliwaka kwenye ubao wake.

"Malindi, Malindi, wanisikia?"

"Nakusikia. Nani mwenzangu?"

"Fundi. Niko juu ya nguzo napima laini. Waonaje, safi?"

"Laini safi. Wewe ndiye mwenye kelele."

"Umekula?"

"Hilo nalo ni la kupima laini?"

"Mpigaji akiwa na njaa sauti hukwama. Soma kitabu, ukurasa wa thelathini."

"Ukurasa wa thelathini wasema usiongee na opereta muda mrefu."

"Basi nitashuka, kipenzi. Lakini nguzo ya pili nayo lazima nipime."

Hivyo ndivyo walivyopendana, nguzo kwa nguzo, yeye akining'inia kwenye mkanda na Batuli akiwa na vipokea sauti masikioni. Wiki ya pili Bwana Gona, mkuu wa kituo, aliuliza laini ya Tezo ina ugonjwa gani unaotaka kupimwa mara nne kwa siku. Batuli alijibu kwamba ni kutu. Jumamosi mbili Mahadhi alikuja Malindi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, wakakaa mkahawani wakiulizana maswali. Hesabu zilimshinda Mahadhi kabisa. Batuli alimfundisha kwa njugu mezani, na kila alipokosa, Batuli alikula njugu moja.

"Utanimaliza," Mahadhi alilalamika.

"Soma. Wiki ijayo nusu hii ni yako."

Wiki ijayo ikafika. Batuli alikaa dukani kwa Bi Hindu tangu asubuhi hadi adhuhuri, nusu ya kitabu mapajani. Mahadhi hakuja. Jumatatu alipiga simu, upepo umeangusha nguzo upande wa Vitengeni, ametumwa huko. Batuli alielewa. Alhamisi alisema kesho. Ijumaa alisema keshokutwa. Batuli alikuwa amefanya maswali mia moja na ishirini na hajui hata moja kama amepata, kwa sababu majibu yote yalikuwa kwa Mahadhi. Jambo hili lilimkera mpaka usingizini.

Jumapili, akiunganisha simu na kituo cha Kilifi, alimuuliza Kache, opereta wa huko, maandalizi ya mtihani yanaendaje.

"Ah, Mungu amenisaidia, dada," alisema Kache. "Mahadhi amenipa kitabu. Kimekatwa nusu, lakini kina majibu yote nyuma."

Batuli alichomoa waya bila kuaga.

Mahadhi alipopiga siku iliyofuata, Batuli hakumpa nafasi ya kupima chochote.

"Kitabu changu kiko wapi?"

"Batuli, nisikilize. Kache alikuja analia. Ana watoto wawili, mumewe hajulikani aliko..."

"Nami sina mama? Nusu ile ni yangu tangu Jumamosi. Umemgawia mtu haki yangu, halafu wanipa hadithi za nguzo!"

"Nguzo zilianguka kweli. Nilidhani atarudisha kwa siku mbili. Sikuweza kumwambia la."

"Huwezi kumwambia mtu yeyote la. Mkubwa wako akikutuma waenda, Kache akilia watoa, kesho atakuja mwingine na kilio chake utanitoa mimi. Haya sikiliza. Nusu hii ya hesabu utaiona siku nitakayoiona yangu. Na usinipigie ila laini imekatika!"

Alimkatia. Dena, opereta mwenzake wa meza ya pili, alijifanya anahesabu tikiti za simu.

Zikapita siku nane. Ubao ulikuwa na taa arobaini, na ile ya Tezo haikuwaka hata mara moja. Batuli aliapa hajali, kisha akamuuliza Dena kama laini ile ni nzima. Dena, ambaye hakujua kunyamaza, alimwambia alilolisikia kutoka Kilifi, kwamba Mahadhi kila jioni yuko nyumbani kwa Kache, mama yake Kache anampikia mahamri. Batuli alikwenda msalani akalia, akanawa uso, akarudi kuunganisha simu za watalii wanaopiga kelele kwamba Ulaya haipatikani.

Zilipobaki siku nne, Mahadhi alimngoja nje ya kituo saa ya kutoka kazini. Shati halikupigwa pasi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa wino.

"Chukua," alisema, akampa madaftari matatu.

Batuli alifungua. Nusu ya pili yote ilikuwa mle kwa mkono wa Mahadhi, sura kwa sura, michoro ya mitambo imepigwa rula, na majibu yamepangwa kwa namba.

"Kache hakutaka kuachana na kitabu, nami sikuwa na uso wa kumpokonya. Nikakaa barazani kwao, yeye akisoma ukurasa mimi nikinakili uliopita."

"Ungemwambia akurudishie! Neno moja! Siku nane za kazi kwa neno moja!" Batuli alikuwa na furaha na hasira pamoja, na ile hasira ndiyo iliyopata ulimi. Alitoa nusu ya hesabu mkobani, akambandika nayo kifuani. "Na wewe siku nne utasoma nini?"

"Nitasoma nitakachoweza. Njugu nimezikumbuka."

Batuli aliondoka bila kumuaga. Alisoma madaftari yale mpaka akajua jinsi Mahadhi anavyoandika saba.

Matokeo yalikuja Januari, yakasomwa kwa simu kutoka Mombasa, na aliyekuwa zamu ubaoni ni Batuli mwenyewe. Ilimbidi ayaandike majina kwa mkono wake. Kache wa Kilifi, amefaulu. Batuli Abdillahi wa Malindi, amefaulu. Aliendelea kuandika mpaka msomaji wa Mombasa akasema basi, mwisho.

"Na Mahadhi Mbaruk?"

"Huyo ameanguka hesabu."

Bwana Gona alimpongeza, Dena alimkumbatia, na Batuli akawa anawaitikia kama mgonjwa. Siku nane nusu ya hesabu ilikuwa imelala chini ya mto wake, haisomwi na mtu, kwa sababu ya ukaidi wake. Mahadhi alipiga simu mara tatu wiki ile. Mara zote Batuli alimwomba Dena apokee.

Safari ya Nairobi ilikuwa Jumatatu. Basi lilifika feri ya Kilifi saa nne, likakuta foleni ndefu, abiria wakashuka kununua korosho. Batuli alishuka na buibui lake jipya, uso umevimba kwa kilio cha kuagana na mama yake. Mahadhi alikuwa amesimama penye kamba ya feri, na ovaroli yake ya kazi.

"Waninyima hata sauti?"

"Mahadhi, niache. Nimekukosesha mtihani. Ningekupa ile nusu ungefaulu, nami nilijua, nikaizuia. Kila nikikutazama nitaona hilo. Tafuta mtu mwingine. Tuachane vizuri."

Abiria wa karibu waliacha kutafuna korosho.

"La," alisema Mahadhi.

"Nini?"

"La. Sitaki. Umekosa, nami nilikosa kabla yako, na nimekwisha kusamehe bila kuombwa. Lakini hilo la kuachana sikubali. Bwana mkubwa wangu amenituma Vitengeni leo asubuhi, nimemwambia siendi. Nimekuja hapa kukwambia nakupenda na nataka kukuoa."

"Umemkatalia mkubwa wako?"

"Pengine nimefukuzwa, sijui. Nitajua nikirudi."

Batuli alimtazama mwanamume huyu anayejifunza kukataa siku mbaya kuliko zote, akataka kumpiga, akataka kumshika. Honi ya feri ililia. Utingo wa basi akapiga bodi kwa kiganja, akiita watu wapande.

"Umenichosha, Mahadhi," alisema, machozi yanamtoka waziwazi. "Nakupenda na umenichosha. Nakuja likizo Aprili. Nataka nikute wazee wako wamekwisha fika kwetu na posa, na wewe umeandikisha mtihani wa mwakani."

"Na nikifeli tena?"

"Posa ifike," alisema Batuli, akapanda basi.