Eda ya Naima

ALHAMISI, ALASIRI

Mpango ulipangwa Kiwalani, chumba cha nyuma cha duka la vipuri vya friji. Chumba hakina dirisha. Kina feni yenye kelele nyingi kuliko upepo, kompresa mbovu zilizorundikwa hadi darini, na meza ya mbao. Juu ya meza Adelard alikuwa amepanga vizibo vitatu vya soda.

"Hiki geti. Hiki mlango wa jikoni. Hiki chumbani kwa marehemu. Sefu imo ndani ya kabati la nguo, chini, kushoto. Ndogo. Tunaibeba nzima."

Ndege ikapita juu ya bati. Wote wakanyamaza. Kiwalani ndivyo ilivyo, jirani na uwanja; mtu huanza sentensi akaimalizia ndege ikishatua. Adelard alingoja, kidole juu ya kizibo. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mpole wa sauti, na waliomzoea waliuogopa upole huo kuliko matusi ya wengine.

"Mlinzi je?" aliuliza Fredrick, dereva wao.

"Anaitwa Twaha. Ikiadhiniwa adhuhuri anafunga geti, anakwenda msikitini. Nimemwangalia, hakosi. Na Jumamosi ni arobaini ya mwenye nyumba. Hitma inasomwa Temeke, kwa mama yake. Ukoo mzima unahamia huko na masufuria yao. Mbezi Beach panabaki kuta."

Halafu akamgeukia mtu wa tatu, aliyekaa juu ya ndoo ya rangi huku akimenya ngozi ya kidole gumba. Jabiri, fundi wa kamera. Yeye ndiye aliyezifunga kamera za nyumba ile mwaka jana, na yeye ndiye angezizima.

"Jabiri. Wewe ndiye mwenzao. Sie wa bara mambo haya hatuyajui. Mjane naye anakwenda Temeke?"

"Hitma ya mumewe, bosi. Atakosaje?"

Uongo ulimtoka laini kama salamu. Mtoto yeyote wa Temeke angemcheka. Mjane aliye eda hatoki. Miezi minne na siku kumi yuko ndani, hajipambi, hajifukizi udi, haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Hitma isomwe Temeke, isomwe Makka, yeye yuko nyumbani kwake. Lakini Adelard hakuwa mtoto wa Temeke. Kwao mjane hukalishwa mbele watu wote wamwone. Akaitikia kwa kichwa, akasukuma kizibo cha tatu katikati ya meza.

Sasa usiharakishe kumwita Jabiri msaliti. Alikuwa na sababu, na kwake ilikuwa sababu njema kabisa. Tanzanite za marehemu Faraji, zilizokuwa ndani ya sefu, hazikumnyima usingizi, wangegawana wenyewe. Yeye alikuwa anamfuata Naima, mjane mwenyewe. Jumamosi angemtoa katika nyumba ile, na Naima mwenyewe alilijua hilo. Walikuwa wameelewana kitambo.

IJUMAA, MAGHARIBI

Jabiri alipika wali na maharage ya nazi, akapakua sahani moja, akaketi kitandani. Naima naye alikuwa anakula. Walianza pamoja. Naima alikula kidogo, kijiko hiki na kile, akasukuma sahani.

"Kula bwana," Jabiri alimwambia. "Umekonda."

Naima hakujibu. Kamera zile hazikuwa na sauti.

Alikuwa kwake Mbezi Beach, naye Jabiri alikuwa kwake Kiwalani, chumba kimoja, choo cha nje, simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya kula. Alipofunga kamera zile alimpa mwenye nyumba neno la siri, akajiwekea la kwake, na namba za simu za mke na mume akabaki nazo. Hakuweka kamera chumbani, la hasha. Jabiri si mhuni. Sebuleni, koridoni na jikoni, basi. Mke na mume wengi mjini hawaonani hata kiasi hicho.

Na kwa nani mwingine angekula? Mama yake alizikwa, dada yake aliolewa Mtwara akapotelea huko. Mwezi wa tatu homa ilimlaza hadi akawa anatambaa kwenda kwenye ndoo ya maji, na hakuna aliyegonga mlango. Wapangaji wenzake walidhani amesafiri. Aliyekuwa naye siku zile ni Naima tu, akipepeta mchele mle ndani ya simu. Jabiri alimwangalia akapona.

Alama zilikuwepo, kama mtu anataka alama. Siku ya kwanza, jikoni, Naima alimletea juisi ya ukwaju, akamwambia, "Karibu, fundi." Na jioni moja, anaosha vyombo, aliinua macho moja kwa moja kwenye kamera, akauvuta mtandio wake vizuri. Mwanamke hajifuniki mbele ya ukuta. Anajifunika mbele ya mtu.

Kisha Faraji akaugua, akafa. Naima alilia peke yake jikoni, ameshika ukingo wa sinki. Jabiri alilia naye. Wageni walipopungua, nyumba ikabaki na Naima na shangazi yake, Bi Somoe, aliyekuja kumkalisha eda. Hapo ndipo Jabiri alipoonja raha. Mwanamke hatoki, haonani na mwanamume yeyote. Isipokuwa yeye. Siku zote arobaini alizihesabu kuwa fungate yao.

Alizima taa. Simu aliiacha inawaka.

JUMAMOSI, ADHUHURI

Kirikuu cheupe, kigari cha mizigo, ngazi juu, ovaroli za bluu, kofia, barakoa nyeusi. Mafundi watatu wamekuja kurekebisha kitu. Mbezi Beach kila siku kuna kitu cha kurekebisha, hakuna anayegeuza shingo.

Waliegesha chini ya ukuta wa jirani. Adelard alikuwa mbele, bastola yake, mguu wa kuku, chini ya ovaroli, upande wa kulia.

"Hakuna kuupiga," alisema. "Ni wa kuonyesha tu. Nyumba ni tupu."

Jabiri alitazama nje.

Ikaadhiniwa. Geti dogo likafunguka. Twaha akatoka na kanzu iliyopigwa pasi, akafunga, akavuta kitasa kuhakikisha, akaondoka hana haraka. Jabiri akagusa simu mara mbili. Kamera zikalala. Umeme wa juu ya ukuta ukalala.

"Tayari."

Ngazi. Ukuta. Bustani. Mlango wa jikoni ulimchukua Jabiri muda wa mtu kufunga kamba za viatu. Waliingia.

Kitu cha kwanza kilichomgonga ni harufu. Iliki, sabuni ya vyombo, na kitunguu kilichokaangwa asubuhi. Mwaka mzima aliishi katika jiko hili na hakuwahi kujua linanukia nini. Alisimama akaivuta hadi kifua kikauma.

"Unangoja nini?" Adelard alinong'ona. "Kang'oe mashine ya kurekodi. Sebuleni. Tukutane hapa."

Adelard na Fredrick wakapita koridoni kwenda chumbani. Jabiri akaenda sebuleni, akasukuma pazia.

Naima alikuwa juu ya mkeka, anamaliza kuswali. Alitoa salamu kulia. Alitoa salamu kushoto, na kushoto ndiko alikosimama Jabiri.

Alikuwa mfupi kuliko vile Jabiri alivyomjua. Chini ya macho alikuwa na weusi usioonekana kwenye simu. Hakupiga kelele. Alivuta mtandio hadi kidevuni, mkono mwingine ukamtafuta Bi Somoe aliyekuwa kwenye kochi na tasbihi yake.

"Msituue," alisema.

Sauti nzito, ya kukwaruza kidogo. Sauti ambayo Jabiri alimbunia miezi yote ile ilikuwa nyembamba.

"Naima. Usiogope. Ni mie."

"Chukueni mnachotaka. Sie wanawake watupu humu."

"Ni mie, Naima. Nimekuja."

Jabiri hakuelewa kwa nini bado anamwogopa. Halafu akakumbuka barakoa, akajicheka moyoni. Atamjuaje mtu aliyefunikwa uso? Akaivua. Akavua na kofia. Akasimama mbele yake na uso wake wote, akangoja.

Naima alimtazama kwa makini. Alikuwa anajitahidi kweli, paji limekunjika.

"Wewe nani?" aliuliza.

"Usinifanyie hivyo. Juisi umesahau? Ya ukwaju? Ukaniambia karibu, fundi."

"He!" Bi Somoe aliinuka nusu. "Fundi wa kamera huyu! Mie ndiye niliyekupa juisi mwanangu, pale jikoni, nilikuja kumsalimu Faraji. Naima hata hakuwepo, alikuwa Tanga kwao. Leo ndiyo unatuingilia hivi?"

Jabiri alitikisa kichwa. Bi kizee anachanganya mambo. Alikuwa Naima. Aliiona bilauri, aliuona mkono. Alijaribu kuukumbuka uso, na uso haukuja. Mkono ulikuwa na hina ukuchani, kama huu wa Bi Somoe ulioshika tasbihi.

"Vaa viatu," alimwambia Naima haraka. "Tunaondoka. Hawa wana gari, nitawaambia watupakie."

"Niondoke niende wapi? Mie niko eda!"

"Najua uko eda. Ndiyo maana nimekuja leo."

"Umesemaje?"

Hilo la mwisho halikutoka kwa Naima. Adelard alikuwa mlangoni, pazia begani. Nyuma yake Fredrick alihema, sefu kifuani.

Adelard alitazama mkeka. Akatazama wanawake wawili. Akatazama uso wa Jabiri, mtupu, jasho linatiririka.

"Nilikuuliza," alisema kwa upole wake. "Alhamisi nilikuuliza."

"Bosi, nisikilize. Huyu ni wangu. Hatosema kitu."

"Mama," Adelard alimgeukia Naima, "wewe ni wa huyu?"

"Simjui! Wallahi simjui, kaka yangu. Leo ndiyo namwona."

"Anaogopa tu," alisema Jabiri. "Anaogopa, bosi, mbele yenu."

"Adelard, twende zetu," Fredrick alisema, na alipogundua jina limemtoka akatukana. Mikono ilikuwa inamlegea chini ya uzito. "Twaha anarudi. Njagu wakija tumekwisha."

"Tangulia. Washa gari."

Fredrick akaondoka anajigonga kwenye kuta. Adelard akachomoa bastola. Bi Somoe akaanza kutoa shahada kwa sauti, na Jabiri, bila kufikiri, akasogea akasimama mbele ya Naima, mikono imetanuka. Alijisikia vizuri. Tangu azaliwe hakuwahi kusimama mbele ya mtu.

"Hawa hutawadhuru," alisema.

"Hawa wa nini?" Adelard alionekana kuchoka. "Mie uso wangu hawajauona. Jina moja, Dar nzima, watahangaika nalo. Wa kunipeleka mpaka mlangoni kwangu ni mmoja tu, na ameshavua barakoa."

Akapiga mara moja. Kisha akageuka, akatoka kwa hatua za kawaida, kama fundi aliyemaliza kazi.

Jabiri alikaa chini. Hakuanguka, alikaa, mgongo kwenye kochi. Tumbo lilikuwa la moto, miguu ya baridi. Nje kirikuu kililia kikaondoka. Alishangaa kuona hakumbuki sefu, wala Adelard, wala polisi. Aliona mkeka, pindo la gauni lililopauka, na miguu miwili iliyosita.

Kisha Naima akapiga magoti karibu yake.

"Mwanangu, usimguse!" Bi Somoe alisema. "Uko eda, na huyu ni jambazi."

"Anakufa, shangazi. Nipe hiyo khanga. Piga simu."

Alikunja khanga, akaiweka kwenye kidonda, akakandamiza kwa kiganja. Kiganja kilikuwa kizito, cha joto. Jabiri akafumba macho. Mwaka mzima, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu kumgusa. Si Naima tu. Mtu yeyote. Alijiuliza watu wanaoguswa kila siku wanawezaje kwenda kazini.

"Polisi wanakuja, na gari la wagonjwa nimeomba," Bi Somoe alisema, simu bado mkononi.

"Unanisikia?" Naima aliinama. "Kaka, unanisikia? Unaitwa nani?"

"Jabiri," alisema, akalirudia jina, kwa kuwa ameulizwa.

"Jabiri, usilale. Una nani? Mama? Mke? Nipe mtu wako tumpigie, aje."

Jabiri alifikiri. Alifikiri kweli, akawapitia wote aliowahi kuwajua, na wote wakampita. Dada yake namba alishabadilisha. Lakini ipo namba moja aliyoijua kwa kichwa. Hakuwahi kuipiga. Akaanza kuitaja, tarakimu moja moja, anapumzika katikati, na Bi Somoe akaibonyeza kwa kupapasa, kwani simu ya kizee haionyeshi vizuri na miwani ilikuwa chumbani.

"Inaita," alisema Bi Somoe.

Juu ya meza ndogo, kando ya msahafu, simu ya Naima ikaanza kulia.

Bi Somoe akaitazama simu iliyo mkononi mwake, kisha ile ya mezani. Akakata. Ya mezani ikanyamaza. Akapiga tena. Ikalia tena.

"Pokea," Jabiri alisema, anatabasamu. "Ni mie."

Naima akaondoa mkono kwenye kidonda. Akarudi nyuma kwa magoti, polepole, hadi mgongo wake ukagusa ukuta.