Shuka la Njano

Asubuhi ile ya safari ya darasa msichana alivaa viatu, akanywa chai na kupiga soga, vyote kwa pamoja. Hakuitwa Chiriku bure. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa tayari mashineni, uzi mdomoni.

“Mkifika juu kilimani, angalia huku chini,” alisema. “Saa sita nitapanda juu ya pipa nikupungie shuka la njano. Usije ukaniacha nikaukie juani bure, mwanangu!”

“Nitakuona, mama!”

Bustani ya kilimani ilipendeza, hilo halina ubishi. Nyasi zilinyolewa vizuri na upepo haukuwa na moshi wa magari. Lakini mabenchi yote yalitazama upande wa maghorofa. Upande wa nyumba za mabati, kwao Chiriku, ulipewa mgongo, ukazibwa kwa ua mrefu wa michongoma. Na mawe ya ngazi za kupandia bustanini, nani aliyabeba kichwani? Watu wa mabati hao hao. Walishukuriwa kwa miiba.

Saa sita, mvulana waliyemwita Bosi akapata upenyo kwenye ua. “Jamani, njooni! Kuna mtu kapanda pipa anapunga shuka!”

“Anafukuza kunguru!” mmoja alisema. Wakaangua kicheko.

“Chiriku, si ndiko kwenu huko?” Bosi aliuliza.

Chiriku aligeukia upande wa pili. “Kwetu kule,” alisema, akionyesha maghorofa. “Huyo simjui.”

Shuka liliendelea kupepea. Mara likatulia: mama alikuwa akibadilisha mkono. Chiriku alilijua bega lile, linavyomuuma kwa kushinda mashineni. Shuka likaanza tena.

“Haya, tunashuka!” mwalimu aliita. Wenzake wakaondoka. Chiriku alipiga hatua mbili, akageuka, akajipenyeza kwenye miiba. Alivua sweta akalipunga kwa nguvu zake zote. “Mamaaa!”

Kule chini shuka likarukaruka kama lenye wazimu.

Wenzake walirudi mbio. “Si ulisema humjui?” Bosi alimkejeli.

“Nilisema uongo. Ni mama yangu. Na zipu ya suruali yako, ni yeye aliyeitia!”

Walicheka hadi Bosi akaficha zipu kwa mikono. Mwalimu hakucheka. Alisogeza matawi, akatazama chini kwa muda mrefu.

“Ua huu ulipandwa ili wageni wasiwaone watu wetu,” alisema. “Aibu hiyo ni ya aliyeupanda, si yenu. Lakini ukimkana aliyekulea, umepanda ua mwingine moyoni mwako, na huo utaung’oa mwenyewe. Chiriku ameshaung’oa wake. Haya, nani mwingine kwao ni huko?”

Kisha mtu mmoja akavua sweta, akasogea penye upenyo, kichwa chini. Alikuwa Bosi.

Wa tatu akafuata, na wa nne. Kule chini, juu ya pipa, mama hakujua tena ampungie nani, akawapungia wote.