Kipande cha Bati Kwenye Pedali

Kila asubuhi, saa moja kasorobo, barabara ya mji wetu mdogo wa Kopay hujaa baiskeli za wasichana wa shule. Huenda wawili wawili, nywele zimesukwa na kufungwa riboni, na hupiga soga bila hata kutazama mbele. Mwaka nilipotimiza miaka kumi na miwili, mimi nilikuwa natembea pembeni mwa barabara hiyo kwa miguu, peke yangu, nikila vumbi lao.

Zamani haikuwa hivyo. Rafiki yangu Nirojini alinipakia kwenye keria ya baiskeli yake tangu tukiwa darasa la tatu. Mwezi wa Januari wazazi wake wakahamia Kanada. Kwa wiki tatu alinipigia simu kila Jumapili, halafu akapata marafiki wengine huko huko. Simlaumu. Ila wakati wa mapumziko nilikuwa najifanya nasoma, ili watu wasione kwamba sina wa kuzungumza naye. Nilishikilia ukurasa ule ule siku nzima.

Nyumbani nako kulikuwa kimya. Baba alifanya kazi Qatar, na mama alishona nguo za watu mpaka jioni. Basi nikaanza kwenda kwa Shangazi Pushparani, dada yake baba, aliyekuwa fundi wa baiskeli pale njia panda. Wanaume waliomcheka kwa kushika spana walirudi kwake kila tairi zao zilipotoboka.

"We Sobika," aliniambia siku ya kwanza, "ukikaa hapa, mikono ifanye kazi. Sitaki sanamu kibandani kwangu."

Akanipa bakuli la mafuta ya taa na mnyororo uliojaa kutu. Nikausugua. Kesho yake nikasugua gololi, moja moja. Baada ya mwezi nilijua kunyoosha gurudumu kwa kukaza spoki za upande huu na kulegeza za upande ule, huku nikilizungusha na kulitazama. Kazi hiyo inataka utulivu, na mimi utulivu nilikuwa nao wa kumwaga.

Ndipo nikaomba fremu ya babu. Ilikuwa imeegemea ua wetu wa makuti ya mivumo, haina gurudumu wala usukani. Wakati wa vita, umeme ulipokatwa, babu aliipindua baiskeli hiyo miguu juu, watu wakapokezana kuzungusha pedali kwa mkono ili dinamo ya taa yake iendeshe redio. Shangazi alipenda kusimulia.

"Tundu la kufungia pedali lilipolika, tulikata bati la kopo la maziwa tukazungushia. Likashika miaka minne!"

Shangazi akaikata fremu, akaichomelea upya ili inifae kwa kimo. Yaliyobaki akaniachia mimi. Gurudumu la mbele nililitoa kwenye baiskeli ya posta, la nyuma kwenye baiskeli ya muuza samaki, usukani nikauokota kwenye chakavu. Niliipaka rangi ya chungwa, kama nyama ya tunda la mvumo lililoiva. Kwa mara ya kwanza tangu Januari nilikuwa naamka nikiwa na hamu ya kitu.

Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu baada ya likizo. Jumamosi Shangazi alikwenda arusini katika mji wa Mannar, na zilikuwa zimebaki pedali tu. Nilikwisha kujiapiza kwamba sitatembea tena peke yangu, hata siku moja. Nikachukua pedali mbili kwenye sanduku, nikafunga ya kulia. Ya kushoto ikagoma. Badala ya kujiuliza kwa nini, nikachukua spana ndefu nikailazimisha kwa nguvu zangu zote.

Kila fundi wa baiskeli anajua kwamba pedali ya kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kinyume na ile ya kulia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefundishwa. Kumbe nilizochukua zilikuwa za kulia zote mbili. Nilipoichomoa, vumbi la chuma likamwagika mkononi mwangu, na tundu la mkono wa pedali likabaki laini ndani, halina tena njia za kushika.

Nililia kidogo. Kisha nikakumbuka kopo la maziwa. Nikakata kipande cha bati, nikakizungushia kwenye pedali, nikagongea kwa nyundo. Nikapanda, nikazunguka uani mara tatu. Ikashika. Shangazi aliporudi na kuuliza, nilimwambia, "Imekamilika, Shangazi. Haina tatizo."

Jumatatu langoni mwa shule, Kajani, msichana wa darasa letu, akasimama mbele ya baiskeli yangu. Kajani alikuwa mcheshi, na popote alipokaa watu walijaa.

"Hii ya nani? Inawaka kama taa!"

"Yangu. Nimeiunda mwenyewe."

"Acha uongo wako wewe!"

"Muulize Shangazi yangu."

Akanitazama upya, kana kwamba ndiyo kwanza nimeingia darasani siku hiyo. Jioni yake alinisubiri langoni. Tukaenda nyumbani sambamba, yeye kwenye baiskeli yake, mimi kwenye yangu, tukicheka mambo ya kijinga ambayo siyakumbuki. Nakumbuka tu kwamba nilifika nyumbani mashavu yakiniuma kwa kucheka.

Siku ya nne pedali ikaanza kulia, tik, kila mguu wa kushoto uliposhuka. Nikaigonga tena kwa nyundo. Niliogopa kumwambia Shangazi, kwa sababu ningemwambia, angeifungua, na kesho yake ningerudi kutembea.

Jumamosi Kajani akaja nyumbani na mdogo wake wa miaka mitano.

"Sobika, niazime yako leo. Nampeleka huyu kwa bibi, ng'ambo ya wangwa. Yangu haina keria. Halafu binamu zangu hawaamini kwamba rafiki yangu anaunda baiskeli!"

Rafiki yangu, alisema. Barabara ya ng'ambo hupita juu ya tuta jembamba, maji kulia na kushoto, na mabasi hayapunguzi mwendo.

"Chukua," nikasema.

Nilisimama kwenye lango nikiwatazama. Mtoto alikuwa amemshika dada yake kiunoni. Hata walipoishia nilikuwa bado nasikia ile tik, au nilidhani nasikia. Mama akaita kutoka ndani, "Sobika, njoo ule, pittu inapoa!" Nilikuwa nimeanza kukimbia.

Nilikimbia bila viatu, nikipiga kelele kama kichaa. Niliwakuta kwenye duka la mwisho kabla ya tuta, Kajani akimnunulia bibi yake maua na kafuri za ibada, na wasichana watatu wa darasa letu wakiishangaa baiskeli yangu.

"Usiipande," nikasema nikihema. "Pedali ya kushoto mbovu. Niliiharibu nikaziba kwa bati la kopo. Nilijua tangu mwanzo."

Kajani alidhani natania. Nikaishika pedali, nikaivuta. Ikachomoka, ikabaki mkononi mwangu na kile kipande cha bati kikining'inia.

Kajani akamvuta mdogo wake akamweka nyuma yake.

"Ulijua," akasema polepole, "na bado ukaniacha nimpakie huyu?"

Akaondoka kwa miguu na mdogo wake, na wasichana wale wakamfuata. Nikaikokota baiskeli mpaka njia panda, nikamweleza Shangazi yote.

Aliigeuza ile pedali kiganjani kwa muda mrefu.

"Bati lile lilishika kwa sababu baiskeli ilikuwa imesimama," akasema. "Haikubeba mtu. Umechukua hadithi yangu nusu." Hakunipiga. Alinipa mkono mpya wa pedali na spana, akakaa kunitazama mpaka nilipomaliza.

Wiki iliyofuata nilikwenda shuleni kwa baiskeli nzima, peke yangu. Wasichana walikuwa wananipisha njia. Ilikuwa mbaya kuliko kutembea, nasema kweli.

Ijumaa jioni Kajani akaja kibandani, akiikokota baiskeli yake.

"Breki haishiki vizuri," akasema, macho chini. "Itazame."

Niliitazama. Waya wa breki ulikuwa umebaki nyuzi mbili. Ningeweza kuukaza tu akapanda, akafurahi.

"Haifai kupandwa leo," nikamwambia. "Iache mpaka kesho, waya mpya hatuna."

"Na nyumbani nitafikaje?"

"Kwa miguu."

Kisha akaniachia usukani. "Shangazi yako yupo, ningeweza kumpa yeye," akasema. "Nimekupa wewe kwa sababu najua utaniambia hata nisilotaka kusikia."

Shangazi akainua kichwa kutoka kwenye tairi alilokuwa akiziba. "Umesikia, Sobika? Baiskeli haiwezi kumwambia mtu inapoumwa. Fundi ndiye anayesema kwa niaba yake, na lazima aseme kabla mtu hajapanda. Rafiki naye vivyo hivyo. Haya, msindikize mwenzako kabla giza halijaingia."

Tukaenda kwa miguu, pembeni mwa barabara. Njia nzima hatukusema mengi, ila hakuna aliyeharakisha.